Gunia la Kwenye Keria

Kama una haraka, acha kusoma hapa, kwa sababu hii sitaifupisha. Na kama wewe ni mmoja wa wale wa kusema "huyo alikuwa amelewa," basi jua mimi sinywi hata busaa ya nyumbani kwetu. Tena haikuwa usiku. Ilikuwa asubuhi, watu wanakunywa chai, na walioona si mimi peke yangu. Mwenyekiti wa shamba aliona. Watu wa kuvuta mnyororo wa kupimia waliona. Kigingi alichopiga huyo nitakayekusimulia kiko Ainabkoi mpaka leo, nenda uulize, utaonyeshwa na mtoto yeyote. Soma kwanza. Ukimaliza ukitaka kucheka, cheka.

Mimi ni kijana wa baiskeli. Kwetu ni upande wa Bungoma, lakini riziki ilinileta Eldoret, nikapata chumba Kiplombe na kazi ya kupeleka mikate. Bekari ilinipa baiskeli nzito, nyeusi, yenye keria pana nyuma, na kila asubuhi nilifunga sanduku la mikate nikashika barabara ya changarawe kwenda Kaptagat, duka kwa duka, mpaka vumbi jekundu linaingia hadi kwenye meno. Wengine waliilalamikia kazi hiyo. Mimi niliipenda, Mungu anajua. Ukiingia msitu wa Kaptagat asubuhi, miti imesimama pande zote mbili, changarawe inalia chini ya tairi kama mahindi yanayokaangwa, na wewe unaimba tu. Ni nani wa kukuuliza?

Na nilikuwa na ndoto. Nilitaka kwenda baharini kwa baiskeli. Darasa la nne, kabla karo haijatushinda, mwalimu alituambia kwamba huku kwetu ni juu sana kuliko bahari. Nilitoka shuleni na elimu hiyo moja. Nikaipigia hesabu yangu: kama huku ni juu na bahari iko chini, basi kutoka Eldoret mpaka Mombasa ni mteremko mtupu! Mito yote inafika bila kusukumwa. Kwa nini baiskeli isifike?

Mtu wa kwanza kumweleza hesabu hiyo alikuwa Njeri.

Njeri alikuwa akimsaidia shangazi yake, Mama Wambui, kwenye duka dogo pale Kaptagat. Wazazi wake walitoka mkoa wa Central zamani wakaingia msitu kulima. Ulimaji wao ulikuwa hivi: unapewa kipande, unapanda miche ya miti, na katikati ya miche unalima mahindi na viazi vyako. Miti ikikupita kichwa, jua haliingii tena, basi unahama. Njeri aliniambia amezaliwa chini ya miti midogo na kila mara ikikua wanafukuzwa na kivuli. Hilo lilinichoma moyo, lakini yeye alilisema akicheka.

"Kwa hivyo wewe, Mkate," aliniambia siku ile. Aliniita Mkate, jina langu hakulitumia hata mara moja. "Kwa hivyo utafika Mombasa bila kukanyaga pedeli?"

"Hata kidogo. Miguu juu."

"Na kurudi?"

"Kurudi tutafikiria tukiwa huko."

"Tutafikiria? Wewe na nani?"

Nikaona aibu, nikajifanya nahesabu mikate. Mama Wambui akaita kutoka ndani, "Njeri, mwambie huyo Mkate wake unakauka!" Wakacheka wote wawili mpaka na mimi nikacheka.

Tangu hapo nikimaliza kugawa mikate nilimpa lifti mpaka kwao msituni. Nilimkunjia gunia juu ya keria, lile la unga wa ngano, ili vyuma visimuumize. Na desturi ya keria unaijua: mkifika mlimani, aliyebebwa hushuka akasukuma. Njeri alisukuma kama mwanamume. Aliweka mkono mmoja chini ya siti, hapa, karibu na mgongo wangu, akasukuma huku akinitukana. "Kanyaga, Mkate! Au umeoka leo bila chumvi?" Nilianza kupenda milima kuliko miteremko. Umeshawahi kupenda mlima, wewe? Basi hujui.

Maji makubwa aliyoyajua yeye ni josho la ng'ombe la mzungu mmoja huko Ainabkoi. Nilipomsimulia bahari, ambayo mimi mwenyewe niliiona kwenye kalenda tu, aliniuliza, "Utanipeleka?" Nikasema nitakupeleka. "Lakini shamba kwanza," akasema. "Bahari baadaye."

Shamba lilikuwa hivi. Mzungu huyo wa josho aliuza akaenda kwao, na watu wakaungana wakanunua kwa chama. Baba yake Njeri, Mzee Karanja, aliweka humo kila alichopata tangu ujana. Miti yao ilikuwa imeshafika kichwani. Hakukuwa na kipande kingine msituni. Ilikuwa shamba lile au barabarani.

Na kamati ilikuwa na sheria moja kali, kwa sababu mahali pengine watu wawili waliuziwa kipande kimoja wakakatana mapanga. Sheria ilisema: siku ya kugawa, kila mwenye kipande asimame kwenye kigingi chake kwa miguu yake. Mnyororo ukifika, jina likiitwa, aitike, apige kigingi kwa mkono wake mwenyewe mbele ya watu wote. Kama hawezi, asimame mtu wa damu yake. Jina likiitwa na hakuna wa kuitika, kipande kinakwenda kwa anayengoja. Na waliokuwa wakingoja walikuwa wengi, wamekaa kwenye nyasi kama kunguru.

Wiki ile ya kugawa Mzee Karanja akaanguka, kifua kimembana, akapelekwa hospitali Eldoret. Mama yake Njeri akabaki kando ya kitanda. Mtoto walikuwa naye mmoja tu.

Nikaomba ruhusa kazini siku moja. Tukakubaliana nimchukue dukani kwa shangazi, asubuhi, nimpeleke Ainabkoi. Nikaosha baiskeli. Nikaipaka mafuta cheni. Gunia nililifua nikalianika, likanuka jua.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Nilitoka Kiplombe kukiwa bado giza kidogo, nikapita mji umelala, na nilipoingia msitu ukungu ulikuwa umeshuka mpaka huoni tairi lako la mbele. Lakini moyo wangu ulikuwa mweupe. Nilikuwa nikiimba. Nilikuwa nafikiria nitamjengea nini mama mkwe.

Kabla ya duka kuna kijito, na juu yake palikuwa na daraja la magogo. Nilipokaribia, nikaona mtu amesimama kando, upande huu wa kwangu. Leso kichwani, gumbuti za baba yake miguuni. Njeri.

"Umechelewa, Mkate."

"Nimechelewa? Jogoo wa Kiplombe nimewaacha wanapiga miayo! Na wewe umefuata nini huku? Si tulisema dukani?"

"Nilikuja kukulaki. Nilivuka mapema."

"Umelowa wewe!"

"Mvua haikunipita. Twende. Wenye mnyororo watafika kwetu kabla yetu."

Alisema "kwetu." Sikuwahi kumsikia akilitumia neno hilo. Nikafurahi mpaka sikuuliza zaidi.

Akakaa kwenye gunia. Baiskeli haikuinama. Kwa kawaida akikaa tu, springi ya siti inalia na yeye ananionya nisiseme kitu. Siku hiyo kimya. Nikafikiri ni matope. Tukafika darajani, akasema karibu na sikio langu, "Usitazame chini. Kanyaga tu."

Sasa, magogo yale nayajua. Ukipita yanagongana, gudu, gudu, gudu, sauti inafika mpaka dukani na Mama Wambui anaweka birika motoni. Siku hiyo nilivuka bila kusikia kitu. Chini maji yalikuwa yakinguruma, lakini chini ya tairi langu, hakuna. Nilijiambia magogo yamelowa, yamevimba, yamekazana. Mtu mwenye furaha ana jibu la kila kitu.

Duka lilikuwa limefungwa. Mlango wa Mama Wambui unafunguliwa kabla ya jogoo, na leo umefungwa. Nikataka kusimama.

"Usisimame," akasema.

"Nimsalimie shangazi tu."

"Utamsalimia ukirudi. Utakuwa na nafasi."

Tukaendelea. Tukafika ule mlima mrefu unaotoka msituni, ule ambao hata lori linaupanda likilalamika. Nikangoja ashuke.

"Leo sishuki," akasema. "Nimechoka, Mkate."

"Basi utanizika hapa!"

Nikainama, nikakanyaga, na baiskeli ikapanda kama inayoteremka. Nakuapia. Sikutoa hata jasho. Nikapiga kelele, "Unaona? Sikukuambia? Sasa hata milima imeanza kuteremka! Tutafika baharini!" Nikamsikia akicheka, lakini kicheko kilikuwa cha mtu aliye mbali, kama anayecheka ng'ambo ya bonde. Na mgongo wangu ulikuwa baridi. Maji yalikuwa yakitiririka kutoka kwake, yanapita kwenye shati langu, yanaingia kwenye suruali.

"Njeri, nikupe koti?"

"Halitasaidia. Nisimulie bahari."

Nikamsimulia. Nilimwambia habari za minazi, na njia za mchanga zinazopita msituni ambako hakuna baridi, na watu wa huko wanaokula samaki kama sisi tunavyokula ugali. Nusu niliisikia kwa madereva wa lori, nusu nilitunga. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Utanipeleka hata kama nitachelewa?"

"Hata ukizeeka."

"Sitazeeka," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema hatakunywa chai.

Tulipofika shamba, ukungu ulikuwa unapanda. Watu wamejaa, wenye vigingi wamesimama kila mtu pake, wanaume kwa wanawake, na mnyororo umebakiza kipande kimoja ufikie cha Karanja. Pale kwenye kigingi chake hapakuwa na mtu. Bwana mmoja mwenye duka mjini, wa kwanza kati ya wanaongoja, alikuwa ameshavua koti.

Njeri akashuka, akatembea nyasini, akasimama. Mimi nikabaki na baiskeli kando ya njia.

Mwenyekiti, Mzee Gitau, mtu mfupi mwenye kofia kubwa, akaita, "Karanja!"

"Niko hapa. Mimi ni damu yake."

"Wewe ni wa Karanja wa msituni?"

"Ni mimi, Mzee. Baba yuko hospitali."

"Mbona umelowa hivyo, msichana? Umekuja kwa kuogelea?"

Watu wakacheka. Njeri naye akatabasamu, akapokea nyundo. Wanaume waliotangulia walikuwa wakipiga na kupiga, mikono inawauma, kigingi kinaingia kidogo kidogo. Njeri alipiga mara moja. Kigingi kikazama ardhini mpaka kikabaki kichwa, na mlio wake ukatembea chini ya miguu yetu, nikausikia mimi niliyekuwa barabarani.

Kijana wa mnyororo akapiga mluzi. "Wee! Huyu anakula nini?"

Njeri akanitazama mimi. "Mkate," akasema.

Walicheka wote. Hata yule bwana wa duka alicheka, akavaa koti lake. Hicho kicheko nakisikia nikiwa nimelala, nikiwa natembea, kila siku.

Kisha akaja mpaka nilipo, karibu sana, na macho yake yalikuwa na uchovu ambao sijauona kwa mtu aliye hai. Akasema, "Mwambie baba ni kwetu." Nikasema, "Utamwambia mwenyewe, nakupeleka sasa hivi." Nikainama kugeuza baiskeli, kukaza gunia lisiteleze. Nilipoinuka hakuwapo.

Nilifikiri ameenda kuzunguka mpaka wa shamba lake. Nikangoja. Nikaita. Mzee Gitau akanikemea, "Ameshatangulia barabarani anakungoja, vijana hamna haya!" Nikapanda baiskeli nikaondoka nikipiga kengele kwa kila mti, nikidhani amejificha ili anishtue. Nilipiga kengele njia nzima. Sasa ukiniuliza kitu gani kinaniuma zaidi ya vyote, ni hiyo kengele.

Karibu na duka nikasikia vilio.

Nikaacha barabara, nikafuata vilio mpaka kijitoni, mbali kidogo chini ya daraja. Watu wa msitu walikuwa wamesimama kwenye matope, na Mama Wambui amekaa chini, kichwa wazi. Nikatazama juu barabarani: daraja halikuwapo. Magogo yote yamebebwa. Na kwenye nyasi, miguu ya mtu imetokeza chini ya leso, imevaa gumbuti kubwa kuliko miguu.

Mzee mmoja mlinzi wa msitu ndiye aliyenieleza, polepole, ameshika bega langu. Njeri alitoka alfajiri, giza bado, akamwambia shangazi yake anataka kuja kunilaki njiani. Maji yalilibeba daraja likiwa chini ya miguu yake. Walimtoa jua likichomoza. Jua likichomoza, ndugu yangu, mimi nilikuwa bado sijaufikia msitu.

Nikawaambia si yeye. Nikawaambia nimetoka naye shambani sasa hivi, amepiga kigingi. Mama Wambui akaacha kulia, akanitazama, akasema kwa upole, "Mwanangu, umevukaje?"

Yule mlinzi akaenda palipokuwa daraja na fimbo yake. Tairi langu la mbele lilikuwa na kiraka cha ngozi ya kiatu, alama yake naijua na wao waliijua. Ng'ambo ya pili, alama ilikuja kwenye matope mpaka ukingoni mwa maji, ikaisha. Upande huu ikaanza tena ukingoni, ikaelekea dukani. Katikati palikuwa hewa na maji yanayonguruma. Na mstari wake ulikuwa umezama sana kwenye matope, kama wa baiskeli iliyobeba wawili.

Mchana Mzee Gitau alikuja na watu wa kamati. Alifunua leso, akatazama, akavua ile kofia yake kubwa. "Huyu amesimama mbele yangu leo," akasema. "Nimemtania." Akarudia hivyo mara nyingi, nimemtania, nimemtania, mpaka wakamshika mkono.

Bwana wa duka alidai kipande. Simlaumu sana, na yeye alikuwa na watoto. Alisema maiti haisimamii shamba. Akaenda na vijana wenye nguvu wang'oe kigingi. Walivuta kwa mikono, wakachimba kwa jembe, wakafunga kamba wakavuta kwa ng'ombe. Kamba ikakatika. Mbao tu, ya mti wa kawaida, unene wa mkono wangu! Jioni yule bwana akakaa chini karibu nacho, akakipapasa, akasema, "Basi, mama. Nimesikia." Akaenda zake. Waliokuja baadaye kuweka mawe ya mpaka, waliweka jiwe kando yake. Kigingi wamekiacha.

Hospitali nilikwenda mimi. Mama yake alikuwa ameshaambiwa, na Mzee Karanja pia. Alikuwa amelala amegeukia ukuta. Nikasimama na kofia mkononi.

"Mzee, amesema nikwambie ni kwetu."

Akavuta blanketi mpaka begani. Halafu akauliza, "Alisimama mwenyewe?"

"Alisimama mwenyewe, Mzee. Na akapiga kigingi."

"Kwa nguvu?"

"Kwa nguvu."

"Basi," akasema. Hakugeuka.

Tulimzika pale pale penye kigingi, na kaburi lake ndilo lilikuwa kitu cha kwanza kuwekwa kwenye shamba lile, kabla ya nyumba, kabla ya mahindi. Wazazi wake wanaishi hapo. Jua linaingia mpaka mlangoni. Mama yake ananiita mwanangu, na nikipita ananipa viazi nibebe.

Nilirudi kazini. Sasa sikiliza mambo mawili. La kwanza, lile gunia. Niliporudi nyumbani siku ile nilikuta limejaa maji na mchanga wa mtoni. Nikalikamua, nikalianika. Halikukauka. Januari yote, jua la kupasua ardhi, gunia limelowa. Niliweka kando ya jiko, limelowa. Na la pili: kila nilipofika mlimani, hapa, chini ya siti, nilihisi mkono. Unasukuma. Haukuniogopesha. Mara ya kwanza nilishuka nikakaa kando ya barabara nikalia mpaka mikate ikachelewa, halafu nikapanda tena ili nisukumwe.

Lakini nilijua anachotaka. Shamba kwanza, bahari baadaye. Shamba alikuwa amepata.

Nikaomba likizo. Kazini walinicheka, wakanifungia mikate ya njiani. Nikakunja gunia kwenye keria, nikaenda. Na nikwambie, mwalimu alitudanganya. Si mteremko! Hakusema kuna milima ya Limuru, wala ya Ukambani, wala kwamba unashuka bonde ili upande lingine. Penye simba nilipanda lori, mimi si mjinga. Lakini kwingine nilikanyaga, na kila mlima nilisukumwa, na nilikuwa nikisema, "Kanyaga, Mkate, umeoka bila chumvi?" maana yeye alikuwa hasemi, na mtu mmoja lazima aseme.

Karibu na pwani niliacha lami nikashika njia za changarawe na mchanga, kupitia Kaloleni. Kila kitu nilichomtungia kilikuwa kweli. Minazi ilikuwapo. Mikorosho ilikuwapo. Msitu ulikuwapo, mnene, wa joto, jani halitikisiki, na njia nyeupe katikati yake. Kwenye kivuli palikuwa na bibi anauza madafu. Nikamsalimia kwa Kiswahili changu cha bara, akanicheka kwa wema. Akanipa dafu. Halafu akatazama nyuma yangu.

"Mbona mwenzio humteremshi akanywa, mwanangu?"

"Mwenzangu yupi, Mama?"

"Huyo binti. Maskini, kalowa chepechepe, na jua lote hili."

Sikugeuka. Nilimwomba afungue la pili. Akaliinua kwa mikono miwili kuelekea keria, akalishika pale muda mrefu, akisema, "Kunywa, mama. Kunywa. Mmetoka mbali." Akakataa malipo ya dafu hilo.

Baada ya hapo palikuwa na mlima mmoja. Nilisukumwa mpaka juu, taratibu. Na juu pale msitu ukafunguka, nikaiona. Kalenda haijui kitu. Mbele yangu, kutoka pale mpaka majini, ulikuwa mteremko mtupu, ule wa ndoto yangu, bila mlima hata mmoja.

Nadhani umeelewa kabla yangu. Bila mlima, hakuna wa kusukuma.

Nilikaa pale juu na baiskeli yangu mpaka kivuli kikahama. Nilifikiri kurudi. Ningeweza kurudi milimani kwetu nikasukumwa maisha yangu yote, nani angejua? Lakini nilikuwa nimeahidi. Nikasema, "Njeri, twende." Nikainua miguu, na tukateremka bila kukanyaga, kama nilivyomwambia, upepo masikioni, mpaka tairi likaingia mchangani.

"Bahari ndiyo hii," nikasema.

Nikapeleka mkono nyuma. Gunia lilikuwa kavu. Kavu kabisa, lina joto, linanuka jua, kama asubuhi ile nilipolikunja kwa ajili yake.

Kurudi nilipanda lori.

Na wewe unayesoma, kama una baiskeli, nisikilize. Ukikuta mtu kwenye ukungu kando ya maji, amelowa, anakuomba umfikishe mahali, mbebe. Usimsumbue na maswali, usimtazame sana, usimshushe mlimani. Na kama kuna mtu unamwambia baadaye, baadaye, baadaye, mpeleke wiki hii, hata kama mvua inanyesha. Mimi nilipata kumpeleka, lakini nilichelewa: alipokunywa dafu hakuna aliyemuona isipokuwa bibi mmoja.

Bado napeleka mikate. Mlima wa kutoka msituni umekuwa mgumu siku hizi, nashuka nasukuma mwenyewe. Gunia nimelirudisha kwenye keria, limekunjwa. Kila asubuhi kabla ya kuondoka naligusa. Mvua za mwaka huu zimekuwa nyingi Eldoret, kila mtu analalamika nguo hazikauki. Gunia langu ni kavu.